Ngazi ya Mkate

Mtu akianguka nyumbani kwake humlaumu shetani, yakaisha. Akianguka kazini inabidi amlaumu mtu mwenye jina na anwani, tena alete shahidi. Basilia Tarqui hakulijua hilo mpaka siku nyonga yake ilipovunjika, na kama angeulizwa leo angesema heri angebaki mjinga.

Alikuwa mpiga pasi. Tangu misuko yake miwili ya nywele ilipokuwa nyeusi tii, alikuwa akishuka kila asubuhi kutoka El Alto, kule juu kwenye upepo, hadi La Paz kwenye karakana ya kushona ya Don Wálter Irusta. Washonaji walikaa ghorofa ya kati. Pasi zilikuwa ghorofa ya juu, kwa kuwa Don Wálter alisema mvuke unapanda, basi upandie huko huko bila kupitia ofisini kwake. Stoo ilikuwa chini kabisa. Kwa hiyo kila nguo iliyonyooshwa ilibidi iteremke kwa ngazi, na aliyeiteremsha ni Basilia kwa mikono yake, rundo likimfika kidevuni.

Ngazi yenyewe ilikuwa ya mbao, ya zamani, na kila kidato kilikuwa kimevishwa ukanda wa bati ukingoni ili mbao isilike. Karibu na kona, ukanda mmoja ulikuwa umebanduka. Haukubanduka wote, ulinyanyua mdomo kidogo tu. Don Wálter aliambiwa, akasema ataurekebisha baada ya karnivali; kabla ya hapo alikuwa amesema baada ya Krismasi. Wanawake wakajifunza kuishi nao. Ukifika pale unakusanya sketi kwa mkono mmoja, unavuka, unaendelea na umbea wako. Sketi zetu za pollera zina kitambaa cha kutosha kufunika meza ya harusi, na chini yake mna sketi nyingine za ndani zenye lesi. Ila mwenye rundo la nguo mikononi hana mkono wa kukusanyia sketi. Jambo hilo halikumsumbua mtu, maana lilikuwa bado halijamwangusha mtu.

Ijumaa kabla ya karnivali wakafanya ch'alla, kama kila mwaka. Mahali pa kazi sharti panyweshwe, maana ardhi haipendi watu wanaokula juu yake bila kuikumbuka. Walimwaga bia kwenye pembe za nyumba, wakatupa pipi, karatasi za rangi na maua yaliyopukutishwa juu ya cherehani, juu ya meza za pasi, na ngazi nzima. Mkubwa wa wanawake pale alikuwa Basilia, basi yeye ndiye aliyebeba sinia la maua. Aliyamwaga kidato kwa kidato akiomba kazi isipungue na mikono isiungue. Wasichana wa cherehani wakampiga video kwa simu zao. Alikuwa ameshapata glasi mbili tatu, na alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Maua yale hayafagiliwi mpaka Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, hata yakinyauka. Anayefagia mapema anafagia riziki yake.

Jumatano ya Majivu, msalaba wa jivu ukiwa bado kwenye paji la uso, Basilia aliteremka na rundo la makoti meupe ya shule. Alikuwa peke yake ngazini. Pale kwenye kona alihisi sketi yake inashikwa kwa nyuma, kama mtoto anavyomshika mama yake asiondoke. Alipata hata nafasi ya kugeuza shingo aone ni nani. Kisha makoti yakaruka, naye akayafuata.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Hilaria Poma, mshona vifungo, komadre wake. Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu bila kumjua Hilaria hutajua Basilia alishinda nini na alishindwa nini.

Hawakuwa ndugu wa damu. Hilaria ndiye aliyemshika Anselmo, mtoto wa pekee wa Basilia, juu ya maji ya ubatizo, na tangu siku hiyo wale wawili hawakuitana tena kwa majina. Ilikuwa komadre asubuhi, komadre jioni, komadre hata wakigombana. Anselmo hakufikisha mwaka. Kichomi kilimchukua katika baridi ya Juni. Baba yake, aliyekuwa amekwenda Argentina kuchuma zabibu, hakurudi kumzika wala kwa jambo jingine lolote. Picha hapakuwa na hata moja. Kwa hiyo duniani kote walibaki watu wawili tu waliojua kwamba mtoto yule alikuwa na alama nyekundu nyuma ya sikio, na wote wawili walikuwa wakifanya kazi kwa Don Wálter.

Kila tarehe mosi Novemba, roho zinaporudi kula na watu wao, Basilia alitandika meza ya kitambaa cheupe, kama inavyotandikwa kwa watoto. Hilaria, kwa kuwa ndiye mama wa ubatizo, alileta mkate. Alileta mkate wenye umbo la mtoto, uliochorwa uso, na ngazi ya mkate ya kumteremsha kutoka mbinguni. Ngazi za dukani vidato vyake vimeachana, ni vya watu wazima. Hilaria aliifinyanga ya kwake mwenyewe, akavipanga vidato vikaribiane, kwa sababu, alisema, miguu ya mtoto ni mifupi na hakuna mtu wa kumbeba huko juu.

Huyo ndiye aliyemkuta Basilia ngazini. Na nimlaumu au nisimlaumu, sijui hadi leo. Alimkuta amelala kichwa chini miguu juu, pollera imechanika, lesi ya sketi ya ndani imeng'ang'ania lile bati, mapaja yako nje. Mwenye akili ya mahakama angeita watu waone. Hilaria alikuwa na akili ya mwanamke wa heshima. Alimsitiri mwenzake kwanza. Aliinasua lesi kwa nguvu mpaka bati likamkata kidole gumba, akainyonya damu, akaishusha sketi ikafunika miguu vizuri, na ndipo akapiga ukelele. Watu walipofika walimkuta mwanamke aliyeanguka, amefunikwa kwa adabu zote, na maua yaliyopondekapondeka yakiwa kila mahali.

Basilia alipotoka hospitali ngazi ilikuwa imekwisha tengenezwa. Ukanda ulipigiliwa misumari mipya na ngazi nzima ikapakwa rangi ya kahawia. Don Wálter, mtu aliyekuwa na "baada ya" kwa kila jambo, safari hii hakungoja sikukuu yoyote.

Chumba cha Basilia kule El Alto kilikuwa na mlango, dirisha moja na paa la bati lililopiga kelele kwa upepo. Wiki ya kwanza wenzake walikuja na supu na viazi vikavu. Wiki ya pili walikuja wachache. Halafu Don Wálter akatangaza kazini kwamba anayekwenda kwa Basilia aende moja kwa moja na asirudi, na hapo mlango ukanyamaza. Basilia hakuwalaumu, au alisema hawalaumu. Alikaa kitandani akisikiliza redio na kujibishana nayo. Aliwajua majirani kwa nyayo zao, nani anakwenda kisimani na nani anarudi amelewa, na kila nyayo zilipokaribia aliiweka sawa shali yake, na zilipopita aliiachia.

Ni Hilaria peke yake aliyekuja, kila Jumapili baada ya misa, kwa kupitia njia ya nyuma ya soko asionekane.

Upweke una mambo yake. Mtu aliyezoea kushika pasi kutwa hawezi kukaa mikono mitupu, na pollera iliyochanika ilikuwa inaning'inia msumarini mbele ya macho yake kama tusi. Mpiga pasi, mwenye nguo iliyochanika? Wageni wakija waseme nini? Wageni hawakuja, lakini yeye aliitengeneza vilevile. Alichomoa nyuzi kutoka pindo la ndani la sketi ile ile, akaziba mpasuko uzi kwa uzi, akiufuatisha mfumo wa kitambaa. Lesi ya ndani akaitupa akatia mpya. Kazi ile ilimchukua siku nyingi, na zilikuwa siku pekee za majira yale ambazo hazikumchosha.

Kisha akapata wakili, Ximena Arzabe, mwanamke mwembamba aliyekuwa na mafua ya kudumu, aliyekubali kesi kwa sharti la kulipwa wakishinda. Wakili alimweleza mambo wazi. Kwamba ameanguka, hakuna anayebisha. Kwamba nyonga imevunjika, daktari amesema. Kinachobishaniwa ni kilichomwangusha. Upande wa Don Wálter wanasema ni maua: ameyamwaga mwenyewe, kwa mila yake mwenyewe, akateleza juu yake, na bwana wa kazi hawezi kulipia dua za watu. Kama hatathibitisha kwamba ni bati, hapati fidia, na bila fidia hakuna upasuaji wa nyonga, na bila upasuaji atatembea na gongo mpaka kaburini.

"Umesema sketi ilinaswa ikachanika," wakili alisema. "Sketi iko wapi?"

Basilia akamwonyesha msumarini. Wakili aliishusha, akaigeuza, akaipeleka dirishani, akairudisha.

"Imechanika wapi?"

"Tafuta," Basilia alisema, na kwa mara ya kwanza tangu karnivali alijisikia fahari. "Tafuta vizuri, mwanangu. Hata mimi nikiitafuta siioni."

Wakili alikaa kwenye ukingo wa kitanda akapenga kamasi kwa muda mrefu. Hakumgombeza. Alimweleza tu, polepole, alichokifanya. Basilia alisikiliza, halafu akasema kwamba asingeweza kukaa na nguo iliyochanika ndani ya nyumba. Wakili akasema anaelewa. Hakuelewa, lakini aliyasema kwa upole.

Alibaki Hilaria. Hilaria ndiye aliyeiona lesi kwenye bati kwa macho yake, na kovu la kidole gumba alikuwa nalo. Wakili alifurahi mpaka aliposikia yule shahidi anaitwaje katika nyumba ile.

"Komadre wa kweli, au wa mdomoni kama wanavyoitana sokoni?"

"Wa maji," Basilia akasema. "Wa mbele ya padri."

Wakili akafuta pua. Kisha akasema kwamba shahidi ndugu ni nusu shahidi, na upande wa pili watasema undugu wa ubatizo ni undugu, na hakimu waliyempata ni mtu wa kanisa sana, atawasikiliza. Na hawana shahidi mwingine. "Mimi sikufundishi uongo, Doña Basilia," alisema akifunga mkoba. "Nakwambia tu watakachouliza." Akaondoka, akaliacha lile neno mezani kama mtu anayesahau mwavuli.

Basilia alikaa nalo wiki nzima. Alijaribu kulifikiria bila nyonga kumuuma, akashindwa, maana nyonga ilimuuma saa zote. Alimfikiria Don Wálter akipita ngazini juu ya rangi yake ya kahawia. Alijiambia kwamba neno ni upepo, na hakimu ni mgeni, na mtoto aliyekufa haumizwi na karatasi za mahakama. Jumapili ilipofika Hilaria akaja, akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya viazi vya supu bila kuulizwa.

"Komadre, nataka uende ukaseme ulichokiona."

"Nitakwenda. Nilikuwa nashangaa mbona huniambii."

"Atakufukuza yule."

"Anifukuze. Vifungo viko dunia nzima, komadre. Hata padri ana vifungo." Na akacheka peke yake.

"Kuna jingine." Basilia hakumtazama. "Wakikuuliza sisi ni nani, sema tunafahamiana kazini tu. Kwamba komadre ni mazoea ya kuitana."

Hilaria aliendelea kumenya. Ganda lilikuwa refu, akalifuata mpaka likaisha, akaliweka chini.

"Na Anselmo?"

"Anselmo hatatajwa. Hakuna anayemjua."

"Mimi namjua."

"Komadre, sitembei. Angalia. Sitembei."

Upepo ukacheza na bati la paa. Hilaria akachukua kiazi kingine. "Nitaapishwa kwa msalaba," alisema, si kwa kulalamika, ila kama mtu anayehesabu alivyonavyo. Kisha akasema, "Nyonga ni yako, mama. Ukinituma nitasema."

Basilia alimtuma. Ningependa kusema kwamba alisita, au alilia, lakini alimtuma, na supu ile waliinywa wote wawili wakizungumzia bei ya gesi.

Kesi ilimaliza karnivali mbili kabla ya kufika siku yenyewe. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na baridi, na msalaba wa shaba ulisimama kwenye meza ya hakimu kati ya mihuri. Wakili wa Don Wálter, daktari wa sheria Rengel, mtu wa tabasamu lisilokatika, alianza kwa kuonyesha video ya ch'alla. Basilia akajiona kwenye kioo cha kompyuta, anashuka ngazi kwa miguu yake miwili, anamwaga maua kwa mkono mzima, anacheka, kofia inaanguka, na sauti ya Hilaria nyuma inasema, "Komadre, usimalize yote, wabakishie na majirani." Watu wawili watatu chumbani wakatabasamu. Basilia alimtazama yule mwanamke wa kwenye kioo akamwonea wivu.

Rengel akasema kwa masikitiko makubwa kwamba hapo ndipo ilipo sababu ya ajali, yote yamerekodiwa, na aliyeisababisha analipa mwenyewe.

Kisha akaitwa Hilaria. Aliweka mkono mbele ya msalaba akaapa. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi: bati lilivyonyanyuka, wanawake walivyokuwa wakikusanya sketi, lesi ilivyong'ang'ania, alivyoinasua. Hakimu alimuuliza kwa nini hakuwaita wenzake kwanza waone. Hilaria alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini watu huvaa nguo. "Alikuwa wazi, mheshimiwa," alisema. Akaombwa aonyeshe kidole. Alikinyoosha, na kovu lilikuwa pale, jeupe, limekwenda mshazari. Hakimu alisogeza miwani akaliangalia, na Basilia aliona uso wake ukibadilika, akajua kwamba ameamini.

Rengel pia aliona. Akasimama.

"Tumesikia sauti yako kwenye video, mama. Umemwita mdai komadre."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni ndugu yako wa ubatizo."

"Hapana, bwana. Kazini tunaitana hivyo. Ni mazoea ya wanawake."

"Hujambatizia mtoto?"

Hilaria hakumwangalia Basilia. Alikuwa akiuangalia ule msalaba wa shaba.

"Hapana," alisema. "Hakuna mtoto."

Rengel alimgeukia hakimu, akasema angependa mdai naye athibitishe. Hakimu akamuuliza Basilia kama ndivyo. Basilia alishika gongo lake akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Palikuwa na muda hapo, mdogo, wa kutosha kabisa kulitaja jina la mtoto. Maneno yalikuwa mdomoni. Alihisi hata uzito wa kichanga mikononi, na baridi ya kanisa lile la ubatizo, na Hilaria akiwa kijana, kaazima viatu, akiogopa kumdondosha.

"Ndivyo, mheshimiwa," alisema, akakaa.

Alishinda. Hakimu aliandika kwamba kilichomwangusha ni ukanda wa bati uliobanduka ambao mwajiri aliujua akauacha, na kwamba maua ya wafanyakazi hayakunasa sketi ya mtu. Wakili Ximena alimkumbatia akimpaka mafua yake. Basilia alimtafuta Hilaria kwenye korido kwa macho, kisha kwa gongo, mpaka kwenye ngazi za nje. Hilaria alikuwa amekwisha kwenda.

Akapasuliwa nyonga. Hospitalini wagonjwa wenzake walikuwa na watu wa kuwaletea blanketi na kuwagombeza wale. Basilia alikuwa na muuguzi. Jumapili ya kwanza alivaa kofia kitandani, kama anayetarajia mgeni. Jumapili ya pili aliivaa pia. Alisikia kwamba Hilaria amefukuzwa kazi, sasa anauza vifungo na zipu sokoni El Alto. Alipoweza kutembea alikwenda sokoni mara moja, akasimama nyuma ya kibanda cha soksi akamtazama kwa mbali. Hilaria alikuwa akimpimia mteja lastiki, anacheka naye. Basilia alikuwa ameandaa maneno mazuri njia nzima, na pale pale yakamkauka. Akarudi nyumbani kwa miguu yake miwili, ambayo sasa ilikuwa mizima, na haikuwa na pa kumpeleka.

Ikaja Novemba.

Alitandika kitambaa cheupe. Akaweka miwa, ua la kitunguu, peremende, kikombe cha maziwa. Mtoto wa mkate alimfinyanga mwenyewe kwenye tanuri la mtaa, akamchora macho, na nyuma ya sikio akatia tone la rangi nyekundu. Ngazi hakuweza. Alijaribu mara mbili, akaukanda unga akauvunja, maana ile ilikuwa kazi ya mwingine na mikono yake ilijua hivyo. Mwishowe akanunua ya dukani. Aliisimamisha mezani akaitazama. Vidato vyake vilikuwa vimeachana, vya mtu mwenye miguu mirefu, na alijiona akimfikiria kichanga wa miezi minane ananing'inia huko juu, hafiki cha chini yake.

Roho huingia saa sita ya mchana. Jua lilikuwa limekaribia kusimama utosini pale mlango ulipobishwa. Basilia alifika mlangoni haraka kuliko daktari alivyomruhusu.

Hilaria alisimama barabarani, hakukanyaga kizingiti. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha mgongoni, amekikumbatia kifuani.

"Habari za asubuhi, Doña Basilia," alisema.

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomchoma Basilia, kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. Aliongea naye kama mtu anavyoongea na mteja wa heshima.

"Ingia, komadre. Ingia, kumekaribia saa sita."

"Siingii." Alifungua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na ngazi ya mkate, ndogo, ya rangi ya asali, vidato vimebanana kama meno ya kitana. "Nimeleta hii."

"Komadre, nisamehe. Ingia tumpokee."

"Usiniite hivyo, Doña Basilia. Niliapa mbele ya msalaba kwamba hakuna mtoto. Siwezi kuapa pale kwamba hayupo, halafu nije hapa nimwombee. Nitakuwa nimemdanganya Mungu, au nimemdanganya yeye." Alimpa ngazi mikononi kwa uangalifu, kama mtu anayempa mwenzake kitu kinachopumua. "Hii nimeileta kwa sababu yeye hakuapa. Asikose kushuka kwa ajili ya maneno yetu."

Akafunga kitambaa mgongoni, kitupu, akaondoka.

Mguu ulikuwa mzima. Kesi nzima ilikuwa ya mguu huo, na angeweza kumfikia kabla ya kona bila hata kuhema. Basilia alitoka hadi katikati ya barabara na ngazi ya mkate kifuani, akafungua mdomo amwite. Neno komadre alikuwa ameliuza mbele ya hakimu. Kwa jina tupu la Hilaria hakuwahi kumwita tangu ujana wao, na Doña Hilaria lilikuwa jina la mtu asiyemjua. Alisimama pale mdomo wazi kwenye upepo, na yule mwanamke akapinda kwenye kona ya duka la mikate, misuko yake miwili ikiwa imefungwa pamoja mgongoni kama siku zote.

Akarudi ndani. Aliiondoa ngazi ya dukani, akaiegemeza ile ndogo kwenye mtoto wa mkate, mahali pake. Mtaa wa pili fataki ya saa sita ikalia, na nyumba kwa nyumba watu wakaanza kuomba. Basilia akapiga magoti, jambo ambalo kwa miaka miwili hakuliweza, akaanza sala ya kuwapokea. Sala hiyo ni ya watu wawili, mmoja anaanza, mwingine anaitikia. Alisema sehemu yake, akanyamaza kwa mazoea, akisubiri.